Mabaki Hayatupwi

Asnath Ndahani alipomwona mama yake anatoka ndani asubuhi ile amevaa koti la marehemu baba, suruali ya marehemu baba imekazwa kiunoni kwa kamba ya katani, kofia ya marehemu baba imemfunika masikio na mkononi ameshika fimbo ya kuchungia, alijua faili lake limekufa. Hakuhitaji kuambiwa. Alizaliwa Mwandila na kukulia Mwandila, na japo siku hizi alikuwa na shahada mbili za fizikia na kiti cha kuzunguka ofisini Dodoma, alijua vizuri siku ambayo wanawake wa Kigogo wanavaa nguo za waume zao ni siku ya namna gani. Ni siku ambayo nchi imechafuka, na uchafu wake lazima utolewe nje ya mpaka.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mama hakuitikia. Siku hiyo hakuwa mama wa mtu.

Hebu turudi nyuma siku mbili, maana mambo haya hayakuanza na koti.

Siku mbili kabla, Asnath alikuwa mjini, amesimama mbele ya meza ya mkurugenzi wake, Nathan, mtu mpole mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo baya. Alivua miwani. Alisema kijiji cha njia ya Kondoa kimekataa, cha upande wa Mpwapwa nacho kimekataa, na sasa kimebaki Mwandila peke yake. Nako wakikataa, faili la mtambo mdogo wa nyuklia litafungwa, na waliopo juu hawatalifungua tena maishani mwao.

"Maishani mwao au maishani mwangu?" Asnath aliuliza.

"Yote mawili," Nathan alisema, akavaa miwani. "Lakini Mwandila si ni kwenu? Nani atamkatalia mtoto wake?"

Lo, maneno ya mtu wa ofisini hayo! Na Asnath, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye akili zake timamu, aliyaamini.

Miaka tisa alikuwa amelilea faili lile. Hoja yake ilikuwa rahisi, na urahisi huo ndio uliomuuma. Uwanda wa kati hauna mto wa maana. Umeme wake unatoka mbali, kwenye mabwawa yanayotegemea mvua, na mvua zenyewe siku hizi zina kiburi. Unasafiri kwenye nguzo mamia ya kilomita, ukifika Mwandila umeshachoka. Taa zinawaka rangi ya chai ya maziwa na pampu ya kisima haizunguki kabisa. Mtambo mkubwa wa nyuklia usingefaa. Unataka maji mengi ya kuupoza, unataka mji mzima wa mafundi, na siku ukizimika ghafla unaiangusha gridi ya nchi nzima. Ila mdogo! Mdogo unaundwa kiwandani vipande vipande, unaletwa kwa treni na malori, unaunganishwa kwenye eneo la viwanja vichache vya mpira, unapozwa kwa upepo, unakaa miaka kadhaa bila kuongezewa kuni, na haujali kama Mungu ameleta mvua au ameizuia. Mahitaji yakikua, unaweka wa pili pembeni yake. Asnath alikuwa amepiga hesabu hizo mara mia, na mara zote mia zilitoka sawa.

Na lilikuwapo jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye faili. Mwaka 2008 walifika Mwandila watu wa kutafuta urani, kampuni ambayo leo hakuna anayelikumbuka jina lake sawasawa. Walichimba mashimo membamba thelathini na moja, marefu kwenda chini, wakatoa miamba, wakaipanga kwenye masanduku. Walipoondoka walimchagua Elieza, baba yake Asnath, awe mlinzi. Walimpa koti zito la kijivu, kofia na filimbi, wakamwambia alinde mashimo na masanduku mpaka watakaporudi. Asnath alikuja likizo kutoka chuoni, baba akampeleka mashimoni, akamwekea kiganjani kipande cha jiwe lenye madoa ya manjano. "Humu ndani kuna moto, Asna," alimwambia. "Ipo siku utaiwasha nchi hii yote." Ni kwa ajili ya kauli hiyo Asnath alichagua alichokisomea shahada ya pili. Alijiona anaimalizia kazi ya baba yake.

Basi alifika Mwandila Jumanne jioni, na Jumatano saa nne asubuhi mkutano ukakaa uwanja wa shule. Upande mmoja walikaa wanaume, upande wa pili wanawake, kila mmoja na ndoo tupu miguuni, kwa kuwa mkutano ukiisha wangeteremka korongoni kufukua mchanga watafute maji. Kisima cha kijiji kilikuwapo pale pale nyuma ya madarasa, mita mia moja na arobaini kwenda chini, maji tele. Lakini pampu ilikuwa imelala mwezi wa nane huo.

Asnath alisema nao vizuri. Hakujifanya mkubwa. Alianza kwa salamu za kwao, "Mbukwenyi," wakamwitikia kwa kishindo, na akaanzia kwenye pampu ileile. Aliwaonyesha kwa kidole. Alisema maji yapo chini, watu wapo juu, kilichokosekana katikati ni umeme wenye nguvu.

"Na jua je?" aliuliza mwenyekiti wa kijiji, mzee Bartolomayo. "Hapa jua tunalo la kugawa."

Watu wakacheka.

"Jua ni zuri, mzee wangu, na tuendelee nalo," Asnath alijibu. "Lakini mashine ya kusaga ya jioni, friji ya chanjo, pampu kubwa kama hii, hivi vyote vinataka umeme usiosubiri kukuche."

Walimuuliza kama mtambo utalipuka. Akawaeleza kwamba umebuniwa hivi: hata mafundi wote wakiukimbia, unapoa wenyewe. Wakauliza kama mashamba yatachukuliwa. Akawaonyesha zile bikoni nne za zege ambazo wapima ardhi walikuwa wamezisimika mwezi uliopita kwenye pori lisilolimwa. Vichwa vilikuwa vinatikisika kukubali. Bartolomayo alikuwa ameshaanza kukunja karatasi yake ya maswali. Asnath aliuhisi moyo wake unapanda, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa alijiruhusu kufikiria bomba likifunguliwa na mama yake akikinga ndoo.

Hapo ndipo mama yake aliposimama.

"Mtaalamu," Penina alisema, "nina swali."

Uwanja mzima uliangua kicheko kwa kusikia mama anamwita binti yake mtaalamu. Penina yeye hakucheka.

"Huo moto wenu ukishakula kuni zake, majivu yake mnayatupa wapi?"

Asnath alikuwa amelisubiri swali hilo. Tena alilipenda. Ndilo lililokuwa fahari ya kazi yake, maana makaa ya mawe yanatupa moshi wake angani, na viwanda vingi vinatupa taka zao mtoni, lakini mtambo wake haukumtupia jirani chochote. Alinyoosha mgongo.

"Hayatupwi, mama," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Hiyo ndiyo sifa yake. Ni machache, hayajazi hata darasa moja. Yanawekwa ndani ya mapipa ya chuma na zege, na yanakaa hapa hapa, yanalindwa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja aliivuta ndoo yake karibu na miguu. Bartolomayo aliikunjua tena karatasi yake, akaitazama kwa muda, akasema mkutano umefungwa na wazee watakaa.

Asnath alibaki amesimama, na taratibu akaanza kuelewa alichokifanya. Angekosea mgeni, asingelaumiwa. Lakini yeye! Akiwa na miaka minane alimwona bibi yake amevaa kaptula ya babu, amebeba fimbo, anakwenda machungani na wanawake wenzake huku wanaume wamejifungia ndani wanapika uji, kwa sababu mwaka ule mimba za ng'ombe zilikuwa zinaharibika. Aliwaona wakikimbia kuelekea magharibi, kwenye mpaka, wakautupa ule ubaya kwenye mbuga ya matope na kurudi bila kugeuka nyuma. Katika nchi hiyo kila kibaya kina njia ya kutokea. Ukame, maradhi, mkosi, vyote vinatolewa. Kibaya kisichotolewa, kinachokaa nyuma ya nyumba yako na kulindwa, hicho hakuna aliyewahi kukisikia. Angeweza kusema mabaki yatasafirishwa. Isingekuwa hata uongo. Ukurasa wa sitini na mbili wa faili ulilitaja jambo hilo kama mpango wa siku za mbele. Lakini alitaka kusema lile lililo bora zaidi, na ndilo lililomponza.

Jioni walikula ugali wa uwele na mlenda, mama na binti, uani, jua halijazama. Maji ya kunawa yalikuwa kikombe kimoja kwa wote wawili. Asnath aliutazama mgongo wa mama yake, ulivyopinda kwa miaka ya kuinamia mchanga, akarudisha tonge bakulini.

"Nilikosea kujibu," alisema.

"Hukukosea. Ulisema kweli. Ndiyo maana nataka kukuuliza tena." Penina alisogeza bakuli pembeni. "Yanalindwa miaka mingapi?"

"Mama, pipa lenyewe limetengenezwa kwa..."

"Sijauliza pipa, mwanangu."

Asnath aliwaza kusema mingi. Aliwaza kusema inategemea. "Maelfu," alisema.

Penina hakushtuka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia. "Na nani atakaa nayo?"

"Serikali."

"Sawa. Hiyo pampu hapo shuleni ni ya nani?"

Asnath aliangalia upande wa shule.

"Fundi alikuja mara moja," Penina alisema. "Alipiga picha, akaandika, akasema anarudi wiki ijayo. Simlaumu, labda gari halikupatikana. Lakini tumekaa miezi minane." Akatazama upande wa mashimo. "Baba yako waliomwajiri walimwambia watarudi baada ya miezi sita."

"Najua, mama."

"Hujui. Unajua koti. Unajua filimbi. Zile barua zao zilikoma kabla mwaka haujaisha, na baba yako akasema, nikiondoka mtoto wa mtu atatumbukia. Akawa anakata miiba, anafunika mashimo. Mvua ikinyesha udongo unadidimia, mdomo wa shimo unapanuka, anakata mingine. Ndama wa Bartolomayo alitumbukia siku moja tu ambayo baba yako alikwenda kliniki Mvumi. Tangu hapo hakuondoka tena. Siku unapokea shahada yako ya pili, ulingojea ukumbini, hakuja. Ulidhani anaumwa?"

"Uliniambia anaumwa."

"Mimi ndiye niliyekudanganya. Alikuwa mzima. Alikuwa kule anafunika mashimo."

Kuku mmoja alikuwa anaparua parua karibu na bakuli, Penina akamfukuza kwa mguu.

"Miaka kumi na moja, Asnath. Tulimkuta amekaa, koti mwilini, filimbi shingoni. Na hakuna aliyekuja kupokea zamu. Sasa unakuja wewe, mtoto wake, unatuletea zamu nyingine, ndefu kuliko ile."

Asnath alikuwa na majibu. Mungu anajua alikuwa nayo! Sheria ipo, mamlaka ya usimamizi ipo, mfuko wa ulinzi umetajwa, ukaguzi wa kimataifa umetajwa, na kila kimoja kina ukurasa wake. Aliyapitia yote kichwani akitafuta jina la mtu. Jina moja tu, mtu ambaye angeweza kumwambia mama yake, huyu atakuja kupokea zamu, na akimaliza atakuja mwanawe. Alimfikiria Nathan na miwani yake. Alizifikiria kabati za ofisi yao, mafaili ya wakubwa waliohamishwa miaka mitatu tu iliyopita, ambayo leo hakuna anayejua yalihusu nini. Hakulipata jina. Hesabu zake zilikuwa sawa, bado ziko sawa, na hazikumsaidia chochote.

"Na maji, mama?" aliuliza. "Mtaendelea kufukua mchanga mpaka lini?"

"Maji tutayafukua kama jana."

"Na giza?"

"Giza nalijua. Halijawahi kuniomba mlinzi."

Ndiyo maana asubuhi iliyofuata, Asnath alipoliona lile koti, hakuuliza kitu.

Ngoma za muheme, zile zinazopigwa na wanawake wa Kigogo, zilianza kulia upande wa shule, na wanawake wakatokea kila njia, wengine na makoti, wengine na kaptula, mmoja amevaa jezi ya mwanawe. Wanaume walikuwa wamejifungia. Bartolomayo alijisahau akachungulia dirishani, na Evodia, mke aliyeishi naye miaka arobaini, akamkemea kwa sauti nzito ya kuigiza: "Wewe mwanamke, rudi jikoni! Uji wangu ukiungua leo tutajuana!" Kicheko kilipasuka, na kwa kitambo kidogo ilikuwa kama harusi. Hata Asnath alitabasamu, maskini, kabla hajakumbuka wanachokwenda kukitoa.

Walikwenda porini kwanza. Walizichimbua bikoni zote nne kwa majembe, wakazifunga kamba na kuziburuta kwa punda. Kisha wakarudi kwa Penina, wakaingia ghalani, wakatoa masanduku ya miamba ambayo Elieza alikuwa ameyatunza makavu miaka yote. Kila sanduku lilikuwa na mwandiko wake, namba ya shimo na tarehe. Asnath aliona mwandiko ule unapita mbele ya macho yake juu ya vichwa vya wanawake, akashika nguzo ya mlango.

"Yamekwisha?" Evodia aliuliza.

Penina aliangalia uani, akaangalia ghala, akamwangalia binti yake kwa muda mrefu.

"Na huyu," alisema.

Hakuna aliyemgusa Asnath. Walimfungulia nafasi katikati yao, naye akaingia akiwa na begi lake la kompyuta begani, akatembea. Walipita nyuma ya madarasa, karibu na bomba la kisima. Ndege alikuwa amejenga kiota mdomoni mwa bomba. Wale wenye ndoo za kila siku walilipita bila kulitazama, kwa mwendo wa kukimbia kimbia, ngoma zikiwafuata. Kilomita saba walikwenda hivyo kuelekea magharibi, jua mgongoni, mpaka miti ya migunga ikakoma na ardhi ikaanza kuwa nyeusi na laini. Hapo ndipo Mwandila inapoishia. Ng'ambo yake ni mbuga, na ng'ambo ya mbuga ni kijiji cha watu wengine.

Walizisukuma bikoni kwenye tope. Waliyamwaga masanduku. Mawe yenye madoa ya manjano yalidumbukia moja moja, tope likayapokea bila kelele.

"Vuka," Penina alisema.

"Mama, gari langu liko nyumbani."

"Dereva tumeshamwambia. Anazunguka na barabara kuu, atakukuta ng'ambo." Ilikuwa sauti ya mama tena, ile ya kumwagiza mtoto asisahau sweta. "Vuka, mwanangu. Nisichelewe, nikichelewa nitashindwa."

Asnath alivuka mpaka, hatua chache ndani ya mbuga. Tope lilimfika vifundoni. Alipogeuka, wanawake walikuwa wameshamgeuzia migongo na wameanza kuondoka, kwa haraka, hakuna anayetazama nyuma, maana anayegeuka anaurudisha ubaya nyumbani. Alilitafuta lile koti la kijivu kati ya makoti. Lilikuwa la mwisho, linachechemea. Akalisubiri. Alijijua ana miaka arobaini na minne na anasubiri kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

Penina alijikwaa kwenye mzizi. Hakuanguka, ila kofia ilimtoka kichwani ikaanguka nyuma yake, hatua mbili tu. Alisimama. Nywele zake nyeupe zilikuwa wazi juani. Mkono wake mmoja ulinyooka nyuma kidogo, ukapapasa hewani pasipo na kitu, ukarudi kwenye fimbo. Kisha aliendelea na safari, na kofia ya Elieza ikabaki pale kwenye nyasi.

Simu iliita begini. Ilikuwa Nathan, na Asnath aliiacha iite mpaka ikanyamaza. Katika kimya hicho ndipo alipozisikia ngoma nyingine. Hazikutoka kwao. Zilitoka mbele, ng'ambo ya mbuga, nazo ni muheme, na zilikuwa zinasogea. Alikinga macho kwa kiganja. Mstari wa watu ulikuwa umejitokeza kule kwenye ukingo wa pili, fimbo mabegani, na hata kwa umbali ule aliona kwamba ni wanawake, na kwamba wamevaa suruali, nao wanauleta ubaya wao kwenye mpaka.

Aliziangalia bikoni nne zilizolala ubavu kwenye tope, namba za idara bado zinasomeka. Akachagua iliyokuwa juu zaidi, akaifuta kwa mkono, akakaa. Alijua hawezi kuondoka kabla hajatokea mtu wa kupokea zamu.